Nyota Iliyomeza Risala ya Mama Lishe

Daftari hili ni jipya. Lile la zamani, lenye jalada la bluu na picha ya twiga, lina kurasa mbili pungufu, na kurasa hizo msizitafute chini ya godoro langu wala kwenye begi la shule, ziko ofisini kwa mheshimiwa diwani, zimetobolewa matundu mawili pembeni, zimefungwa kamba ya kijani ndani ya faili, na juu yake pamegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Humo kuna siri zangu saba, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, na kichwa cha habari nimekipigia mstari kwa rula. Naona aibu hata kuandika hapa, lakini kwa kuwa nusu ya Gerezani walikuwepo na nusu nyingine wamesimuliwa vibaya, bora niseme mwenyewe.

Naitwa Tatu, na nipo kidato cha tatu (utani huo nimeshausikia, asanteni). Mimi ni mtu wa haya, na si haya zile za adabu wanazosifia kina bibi, haya zangu ni za kero: mwalimu akiniita mbele nachukua dasta nafuta ubao hata kama hauna kitu, ilimradi niwape watu mgongo, na kuna jirani yetu Magomeni mwaka wa pili huu ananiita Mwanne nami naitika. Nikiongea na watu wawili kwa mpigo, viganja vinatoka jasho mpaka kalamu inateleza.

Mama yangu ni mama lishe pale Gerezani, ubavuni mwa ukuta wa reli, yeye na wenzake kumi na mmoja, wanawapikia mafundi wa gereji na wauza spea. Shida yao kubwa ilikuwa moja, maji. Bomba hakuna. Tulikuwa tunachota kwenye kisima cha uani kwa mtu, mitaa mitatu mbele, na nikisema tulikuwa tunachota maana yake mimi, ndoo nne kichwani kila asubuhi, shingo ikaanza kuingia mabegani kama ya kobe. Na maji yenyewe ya chumvi! Mama alikuwa anapika maharage bila kutia chumvi hata punje, kisima kinatosha, halafu siku akijisahau akatia, basi siku hiyo mafundi wanashinda wameshika vikombe vya maji mpaka jioni. Kwa hiyo kikundi chao kilipotimiza mwaka mmoja wakaamua kumwalika mheshimiwa diwani awe mgeni rasmi, na kila mtu wa Bongo anajua, ukialika mgeni rasmi lazima umsomee risala, na ndani ya risala ndipo unapochomeka ombi lako. Ombi lilikuwa bomba. Bila risala hakuna bomba, na bila bomba ni ndoo nne na shingo yangu.

Likizo ile nilikuwa nafanya tempo kwa Mzee Dili. Jina lake hasa ni Dilip, mzaliwa wa Kariakoo, baba yake aliuza vitambaa kwenye duka lilelile. Ruksa ilipoingia na biashara zikaachiwa huru, yeye akatoa vitambaa akaweka redio, akatoa redio akaweka televisheni, akatoa televisheni akaweka kanda za video, na mwisho akaleta kompyuta nne na waya wa simu, akaandika mlangoni INTANETI KAFE, WOTE KARIBUNI. Watu wakamkata jina wakamwita Dili, kwa sababu kila ukikutana naye ana dili jipya. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua za wateja na kufuta vumbi. Kwenye kompyuta namba moja, ile kubwa yenye printa, kulikuwa na folda ya kuwekea kazi ambazo hazijaisha, barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mambo kama hayo, na folda hiyo Mzee Dili aliipa jina TEMPO.

"Kwa sababu hizi kazi ni kama wewe, binti," alinieleza. "Zipo hapa kwa muda tu, zinafanya tempo."

Na ili wateja wasiichezee, akaificha ndani kabisa ya folda ya Windows, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hagusi. (Mtu mwenye akili timamu. Kumbukeni hilo.)

Sasa, mimi kwa watu ni bubu, lakini mbele ya kompyuta nina maneno kama kasuku. Kompyuta haikukodolei macho, haikuulizi "unasemaje, hatusikii huku nyuma!" Saa saba wateja wakienda kula nilikuwa najisogeza namba moja, modemu inalia kama paka aliyebanwa na mlango, halafu naanza kuuliza mambo yangu. Niliuliza kwa Kiswahili, nayo ikaniletea kurasa za lugha sijui ya wapi, ina irabu mbilimbili, na picha za watu wamesimama kwenye theluji. Haidhuru. Raha yangu ilikuwa kuuliza.

Mkasa ulianza Jumatano, alipokuja Mama Pili na rasimu ya risala. Mama Pili ndiye katibu wa kikundi, na ana sauti ambayo akitangaza "wali umeivaaa" pale Gerezani, nadhani treni inapunguza mwendo. Akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu, mimi nachapa, yeye anagusa kila kitu.

"Hii hapa yenye picha ya saa ni ya nini?"

Kabla sijajibu ameshabonyeza. Upande wa kushoto wa skrini ikafunguka orodha ndefu, nayo ilikuwa ni historia, yaani kila nilichowahi kuuliza, kimepangwa kwa siku kama mahudhurio ya shule. Mama Pili akasogeza uso, akaanza kusoma kwa silabi, kafe imejaa.

"'Da-wa ya ja-sho la vi-ga-nja.' Ebo! 'Je, mtu a-na-we-za ku-fa kwa a-i-bu?' We Tatu, nani huyu masikini?"

"Wateja tu, mama."

"Mteja gani?"

"Mteja wa... wa Buguruni."

"Basi huyo wa Buguruni ndugu zake wamuangalie. Na hii? 'Mvu-la-na a-ki-se-ma chu-mvi...'"

Sikumwacha amalize. Niliinama kama naokota kitu nikachomoa waya ukutani. Skrini ikazima, na risala niliyokuwa nimechapa ukurasa mzima nayo ikaondoka. Mzee Dili akainua kichwa kutoka kaunta.

"Nini tena?"

"Umeme, mzee."

Akatazama juu. "Mbona feni inazunguka?"

Nikaichapa upya, katikati umeme ukakatika kweli (Mungu ana utani wake), nikachapa mara ya tatu, nikaihifadhi kwenye TEMPO ije ichapishwe Jumamosi, siku yenyewe ya sherehe, kwa sababu wino wa printa ulikuwa umeisha na Mzee Dili aliahidi mwingine Ijumaa. Mama Pili akaondoka na rasimu yake ya mkono. Mpaka hapo mambo yalikuwa bado yanatengenezeka. Ningenyamaza tu, leo hii ningekuwa msichana wa kawaida.

Mzee Dili aliponionyesha jinsi ya kufuta historia ilikuwa rahisi, unabonyeza hapa na hapa basi. Lakini nilijijua. Nitauliza tena, tena kesho hiyohiyo, na nitasahau kufuta. Nikaamua kompyuta ijifute yenyewe kila ikiwashwa, nisihusike. Mzee Dili alikuwa na kitabu kisicho na jalada cha amri za kompyuta, alikipata bure kwenye boksi la mashine, nikakisoma siku mbili kama natafuta dawa ya kaswende (maneno ya Mama hayo, si yangu). Nikajua kwamba unaweza kuandika faili dogo lenye amri chache, ukaliweka mahali pake, na kompyuta ikiamka inalisoma kabla haijafanya lolote. Na humo nikakuta amri moja katili, inakata folda kama shoka, shina na matawi, haiulizi "una uhakika?", wala haipitishi kitu kwenye pipa la taka.

Kabla ya kufuta nilifanya jambo moja la kijinga ambalo kwangu ni tabia: siwezi kutupa kitu bila kuandika kwanza kilikuwa nini. Nikanakili maswali yangu yote saba kwenye kurasa za nyuma za daftari la twiga, nikayapa namba, nikaandika juu ORODHA YA MASWALI. Nikafunga daftari moyo mweupe.

Ijumaa nikaandika lile faili. Mstari wa kwanza wa historia. Mstari wa pili wa mafaili ya muda, yale mabaki ambayo intaneti inaacha ndani ya mashine kama makapi ya chai, maana kitabu kilisema hayo nayo yanasema siri. Yalikuwa kwenye folda mbili, humohumo ndani ya Windows, moja jina lake TEMP, nyingine jina refu linaloanza hivyohivyo TEMP halafu maneno kibao, na mimi nikaona uvivu kuandika mara mbili. Kitabu kilifundisha kwamba ukiweka nyota mwisho wa neno, kompyuta inaelewa "na chochote kitakachofuata". Nikaandika TEMP, nikaweka nyota. Nyota moja! Nikajaribu kwenye namba tatu, ikasafika kama sahani ya Idi. Nikaenda kuweka lilelile namba moja, nikaizima, nikaenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyevumbua moto.

Ninyi mlioniwahi kwa akili mmeshaona. T, E, M, P, halafu chochote kitakachofuata. Hata herufi O.

Jumamosi saa nne nilimkuta Mzee Dili amesimama mbele ya namba moja, mikono kiunoni.

"Tatu, njoo. Leo mashine imewaka haraka, nyepesi kabisa."

"Nimeisafisha, mzee," nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia sauti yangu ina majivuno.

"Vizuri sana. Lakini Tempo kaacha kazi."

"Kaacha kazi vipi?"

"Hayupo. Hakuaga, hakuandika barua."

Nikatazama, nikatafuta, nikakumbuka nyota. Nikamwambia kila kitu, mpaka feni ya Jumatano. Mzee Dili hakunifokea, na ingekuwa afadhali anifokee. Alikaa, akavua miwani, akaanza kucheka polepole, halafu akaacha ghafla alipokumbuka kadi za harusi ya mpwa wake zilikuwa humo.

"Hizo nitalia nazo mimi," akasema. "Wewe kaa hapo uchape risala. Si unaikumbuka?"

Naikumbuka! Nimeichapa mara tatu, naijua kama sala. Sherehe saa nane, na mgeni rasmi wa saa nane anafika saa kumi, muda tele. Nikachapa, na kwa kuwa nimeshajifunza nikawa nahifadhi kila baada ya mstari, na kwa mazoea nikatengeneza folda mpya mahali palepale, nikaiita, si mnajua, TEMPO. Saa sita na robo nikafika kwenye "Tunaomba kuwasilisha." Umeme ukakatika. Ukarudi baada ya dakika mbili, kompyuta ikaamka kwa adabu, ikasoma lile faili langu ambalo sikukumbuka kulitoa, ikajisafisha. Tulisimama wawili tukiangalia, Mzee Dili na kikombe cha chai mkononi.

"Binti," akasema, "hii mashine sasa ina usafi kuliko marehemu mama yangu, na mama yangu alikuwa anafua sabuni."

Hapo ndipo Mama Pili alipoingia mbio, kitambaa cha sare ya kikundi kimemwanguka begani.

"Risala! Mgeni rasmi kafika!"

"Saa sita na nusu?" akauliza Mzee Dili.

"Kawahi! Tangu nizaliwe sijaona mgeni rasmi akawahi! Ana shughuli nyingine saa nane, kasema asomewe sasa hivi aondoke. Risala iko wapi?"

"Imefutika, mama," nikasema. "Rasimu yako unayo?"

"Ile nimewashia jiko! Si ulisema imeshaingia kwenye kompyuta?"

Tukatazamana. Halafu uso wa Mama Pili ukabadilika, nami nikajua, kama mbuzi anavyojua siku ya Idi.

"Wewe unaijua kwa kichwa."

"Mama Pili, mimi siwezi, naomba nikuambie wewe njiani, halafu wewe..."

"Mimi bila karatasi si msomaji, mimi ni mpishi. Twende. Na shika karatasi yoyote mkononi, mgeni rasmi hasomewi risala kutoka hewani, ataona tumemdharau."

Ananivuta mkono, tunakata mitaa ya Kariakoo kuelekea Gerezani tukiwaruka wapanga mitumba, na mimi kwa mkono wa pili natoa daftari kwenye begi, nachana kurasa mbili za mwisho. Mwisho wa daftari siku zote ni kweupe. Ndivyo nilivyofikiri.

Walikuwa wamefunga turubai ukutani, viti vya plastiki, meza yenye kitambaa na maua ya karatasi, na nyuma ya meza mheshimiwa diwani, mzee mnene mwenye uso wa upole, anatazama saa. Mafundi wote wa gereji wamesimama na ovaroli zao. Na kwenye amplifaya, naomba mnisamehe, alikuwa Sele. Sele ni fundi redio, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, anakula kwa Mama kila mchana, na kila mchana ananirudishia sahani akisema "chumvi imezidi" huku anacheka, kesho yake anarudi. Sitasema zaidi. Alinipa maiki akaniambia, "Usiiweke karibu sana na mdomo, Tatu," nami nikakosa hata njia ya kusema ahsante.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," nikaanza. Spika zikalia. Watu wote wakageuka.

Na kichwa changu, ndugu zangu, nacho kikajisafisha chenyewe. Risala yote, niliyoichapa mara nne, ikaondoka shina na matawi. Nikatazama karatasi nipate angalau mahali pa kuweka macho, nikakuta si nyeupe. Nikakuta mwandiko wangu. ORODHA YA MASWALI, mstari wa rula.

Mama alikuwa mstari wa mbele, kafunga kilemba kipya, ananitazama kama anayesukuma gari kwa macho. Mama Pili akakohoa. Nikafungua mdomo ili nisome kitu, chochote, na macho yakaangukia namba mbili.

"Sisi mama lishe wa Gerezani," nikasema, "tuna matatizo yafuatayo. Kwanza. Jasho la viganja."

Fundi mmoja nyuma akasema, "Nini?"

"Jasho la viganja vyetu, mheshimiwa," nikasema haraka, na sijui maneno yalitoka wapi, "linatokana na mikono ya ndoo. Kisima kiko mitaa mitatu. Ndoo inateleza, maji yanamwagika, tunarudi tena."

"Ni kweli!" akapiga kelele mama mmoja. Vigelegele viwili vitatu. Nikatazama tena karatasi. Hapo nilikuwa nimeshazama, bora nipige mbizi.

"Pili. Chumvi imezidi." Spika zikapiga mluzi (Sele alikuwa ameshika kitufe kibaya). "Maji ya kisima yana chumvi, mheshimiwa. Wateja wanalalamika. Wanasema chumvi imezidi, chumvi imezidi, kumbe mpishi hajatia hata punje. Tatu. Shingo. Shingo ikifupika kwa kubeba ndoo, je, inarudi?"

Na hapo, bila kukusudia, nikamwonyesha shingo yangu.

Watu walilipuka. Mafundi wanapiga miluzi, kina mama wamesimama wanazungusha vitambaa, mheshimiwa anacheka mpaka tumbo linagonga meza. "Tunaomba bomba," nikamaliza, "na tunaomba kuwasilisha." Nikashusha maiki, nimepona, nimeshinda, naondoka, ndipo Mama Pili akachukua maiki ile kwa sauti yake ya treni:

"Sasa msomaji atamkabidhi mgeni rasmi risala yake!"

Jamani, nilisahau. Risala ikishasomwa inakabidhiwa, na mgeni rasmi anaipokea kwa mikono miwili, ndiyo desturi, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikasimama pale nimezikumbatia zile karatasi kifuani. Vigelegele vinaendelea. Mheshimiwa akanyoosha mikono. Nikanyoosha yangu, lakini vidole vikagoma kuachia, akavuta, nikavuta, akavuta tena akitabasamu, anadhani ni heshima, jasho la viganja likafanya kazi yake, karatasi zikateleza zikaenda.

Angeziweka tu mfukoni! Lakini huyu alikuwa mgeni rasmi wa ajabu, anawahi na anasoma. Akavaa miwani. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akanitazama juu ya miwani, akaomba maiki.

"Mimi nimepokea risala nyingi," akasema. "Zote huwa na maombi. Hii ina maswali saba. Namba moja: 'Je, mtu anaweza kufa kwa aibu?'"

Watu wakacheka wakidhani anatania. Mimi nilikuwa natafuta mlango kwenye turubai, ambalo halina mlango.

"Jibu ni hapana, binti. Nimekutazama dakika kumi nzima na bado umesimama. Namba tano, hii mliisikia kidogo: 'Mvulana akisema chumvi imezidi lakini kesho anarudi kula palepale, maana yake nini?'"

Zile spika zikatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, kama tairi linalokwama, na kila kichwa pale Gerezani kikageuka kwanza kwa Sele, kisha kwangu, kisha kwa Sele. Na hapo Mama yangu mzazi akasimama, kilemba kimekaa upande, kidole juu.

"Mvulana gani huyo anayesema maharage yangu yana chumvi?"

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nakumbuka Mama Pili amekaa chini kabisa, kwenye vumbi, anacheka huku anajipiga mapaja, anasema, "Wa Buguruni! Mteja wa Buguruni!" Nakumbuka Sele amechuchumaa nyuma ya amplifaya kama anatengeneza waya. Nakumbuka mheshimiwa anazikunja karatasi zangu kwa uangalifu, anampa karani wake, karani anaziweka kwenye mkoba, mkoba unafungwa klik. Mimi nilichukua kitambaa cha meza nikaanza kuifuta meza. Ilikuwa safi. Niliifuta mpaka wakaondoka.

Wiki tatu baadaye ikaja barua yenye nembo, Mama Pili akaisoma mbele ya masufuria:

"'Yah: Risala ya Mama Lishe Gerezani. Tafadhali rejea somo la hapo juu. Ofisi inakiri kupokea maswali yenu namba moja hadi saba. Kuhusu namba mbili na sita, fundi wa bomba atafika Jumanne. Kuhusu namba tatu na nne, mheshimiwa anasema msomaji wenu hana tatizo la sauti. Namba moja na tano zilijibiwa papo hapo. Kuhusu namba saba, ofisi hii bado haijapata kompyuta.'"

"Namba saba ilikuwa nini?" Mama akauliza.

Nikachukua sufuria safi nikaanza kuisugua. (Namba saba ilikuwa: "Je, ukiiuliza kompyuta siri yako, inamwambia mtu mwingine?")

Fundi alifika Alhamisi, si Jumanne, lakini alifika. Bomba liko pale ukutani mpaka leo, maji yake matamu, na siku ya kwanza Mama, kwa mazoea ya kutotia chumvi, akapika maharage hayana ladha kabisa. Sele akala, akanirudishia sahani, akasimama kidogo.

"Leo chumvi imepungua," akasema.

"Kesho itakuwa sawa," nikamjibu. Maneno matatu, kwa sauti, bila karatasi! Nikaingia ndani nikakaa juu ya gunia la mkaa mpaka moyo ukatulia.

Mzee Dili alichapa upya kadi za mpwa wake, akafungua folda mpya nje kabisa ya Windows, akaiita AJIRA YA KUDUMU. Lile faili langu la usafi bado lipo na linafanya kazi, lakini nimelikata mkia: majina ya folda nimeyaandika moja moja, yote, kwa urefu wake, hata kama mkono unauma. Nimeapa sitaweka nyota tena mwisho wa neno lolote, wala kuchana ukurasa bila kuusoma kwanza mbele na nyuma. Maana historia ya kompyuta niliweza kuifuta kwa mstari mmoja, lakini ile ya kwenye faili la diwani imefungwa kamba, ina muhuri, na karani ananiambia kila tukikutana sokoni kwamba wanaitunza vizuri sana.